Mashairi Niliyotunga ya Kuwacheka Watawala

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vipande vitatu vya chaki, ufunguo wa kabati lisilokuwa na kitasa, na Darasa la Nne lililojaa watoto wanaotetemeka. Ilikuwa mwezi wa Juni, katika shule ya misheni upande wa Kifanya, enzi za Mwingereza, na baridi ya Njombe mwezi huo haimwonei huruma mtoto mwenye shuka moja. Mimi mwenyewe nilivaa koti la kuazima. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha Daraja la Pili, maana yake mwalimu aliyesomea kazi miaka miwili baada ya Darasa la Nane, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa cheti hicho.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea ualimu sasa, ambao kila mkija kunitembelea mnaniuliza habari za mashairi yangu, na mnacheka kabla sijajibu. Mmesikia kwamba niliwatungia watoto mashairi ya kuwacheka watawala wa zamani. Ni kweli niliyatunga. Yaliyofuata hamkuambiwa, na leo nayasema mwenyewe, wasije wengine wakayasema vibaya zaidi kuliko yalivyokuwa, ingawa sioni yangesemwaje vibaya zaidi.

Mwalimu Mkuu wetu pale alikuwa mtu mfupi aliyerudi vitani na koti la jeshi, na hakulivua hata kanisani. Aliniita ofisini, yaani pembe ya ghala la mahindi iliyowekwa meza, akafungua andalio langu la somo. Andalio ni karatasi ambayo mwalimu huandika mapema atafundisha nini, kwa njia gani, na kwa dakika ngapi. La kwangu lilikuwa limejaa maneno ya chuoni.

"Umeandika hapa 'watoto waelewe sababu za vita,'" akasema. "Nani kakuomba waelewe?"

"Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, Mwalimu Mkuu."

"Chuoni hawangojei Ofisa Elimu mwezi wa tisa. Sisi tunamngojea. Akija haulizi mtoto kaelewa nini. Anauliza nani alitawala na nani akamfuata, basi. Wakijibu, tunapewa Darasa la Tano hapahapa. Wasipojibu, hawa wote wakimaliza la nne wanarudi kuchunga ng'ombe. Umenisikia, Mwalimu wa historia?"

Nilimsikia. Orodha yenyewe ilikuwa ndefu kama kamba ya kisima: masultani wa pwani, magavana wa Kijerumani, makapiteni waliokaa bomani, magavana wa Kiingereza, kisha watwa wetu wenyewe. Mtwa ndivyo tunavyomwita chifu huku Ubena. Watoto wale nyumbani waliongea Kibena tu. Kiswahili chenyewe walikuwa wanakibeba kwa shida, na juu yake nikawarundikia majina ya Kijerumani. Wiki ya pili niliuliza nani alimfuata gavana wa kwanza, na mtoto mmoja wa nyuma akasimama kwa adabu zote akajibu, "Mke wake, Mwalimu."

Dawa ya jambo hilo niliitoa msibani. Ukoo wetu ni watani wa ukoo wa mtwa aliyetawala upande wa Makambako, na tangu nikiwa mdogo nilikuwa nimewaona wazee wetu wakifanya kazi yao ya utani kwenye misiba ya huko. Baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa fundi. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wa marehemu, akakohoa kikohozi chake, kisha akateremka na kulala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Kwa mila yetu mtani akikusema huwezi kumshitaki, hata uwe mtwa mwenyewe. Unacheka naye, na siku yako ikifika unamrudishia.

Misheni iliyapiga marufuku hayo yote. Siku ya kuajiriwa nilitia saini kwamba sitashiriki mila za kipagani, na utani wa makaburini ulitajwa waziwazi. Mwalimu aliyeonekana kwenye mambo hayo alifungiwa meza ya Bwana, na aliyefungiwa meza ya Bwana hakuwa tena mwalimu. Basi sikulala kaburini mwa mtu. Nilichukua ulimi wa baba mdogo nikaupanga kwenye mizani minane. Mizani ni silabi za mstari. Watoto hupenda minane kwa sababu inakwenda sawa na hatua za miguu. La kwanza lilikuwa la gavana:

Gavana wa zama zile,
Masharubu mbele mbele,
Yamefika nyumba ile,
Mwenyewe bado yu kule!

Na la kapiteni mmoja wa boma, ambaye bibi yangu alisimulia jinsi buti zake zilivyogoma kuvulika:

Kapiteni wa bomani,
Viatu hadi gotini,
Kanyeshewa safarini,
Havitoki miguuni!

Hapo darasa zima hupokea: "Vuta, vuta, havitoki!" huku wanavutana miguu. Sikufundishia ndani. Niliwatoa uwanjani asubuhi, wakazunguka kwa kwata na ngoma ya shule, ubeti mmoja kwa kila mtawala, kwa mpangilio wa miaka, mpaka miili ikapata joto. Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na mtoto asiyejua nani alimfuata nani. Waliimba wakichota maji, waliimba wakilinda mtama. Nakiri kwamba sijawahi kuwa na furaha kazini kama miezi ile michache.

Ofisa Elimu alikuja, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, anayekijua Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu. Aliposikia la masharubu alishika yake mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini kwenye benchi la watoto. Shule ikapewa Darasa la Tano. Mwalimu Mkuu alinishika mkono mbele ya wazazi, na mwaka haukuisha nikapata barua ya uhamisho kwenda Njombe mjini.

Njombe nilifundisha shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, na jioni nilifanya kazi katika ofisi ya Ofisa Elimu. Alitaka mashairi ya watawala wote, yagawiwe shule zote za wilaya. Siku hizo tulitumia stensili, karatasi yenye nta. Unaipiga kwa taipureta iliyotolewa utepe, herufi zinaitoboa, unaifunga kwenye pipa la wino, unazungusha mkono, nakala zinatoka moja moja zikinuka mafuta. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi muda wote, na nilivionea fahari.

"Wacheke wafu tu, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza. "Walio hai wanajua kusoma."

"Na walio hai niwafanyeje, Bwana?"

"Wasifu."

Ndipo nilipotunga "Bwana Shauri mpole, ametujengea shule." Bwana Shauri ndiye Mkuu wa Wilaya. Matofali ya shule ile yalifyatuliwa na wazazi, na kazi ya Bwana Shauri ilikuwa kukata utepe, lakini mizani ilitimia.

Nilipomaliza ukurasa wa kwanza nilimwuliza jina langu niliweke juu au chini. Aliinua uso kana kwamba nimemwomba koti lake.

"Jina la nini? Haya ni mashairi ya shule. Hayana mwandishi, ni mali ya Idara."

Niliumia, nikameza. Laiti ningejua kwamba siku moja nitajificha nyuma ya maneno yaleyale.

Katika beti za watwa niliweka mmoja kuhusu mtwa wa upande wa Makambako, yule ambaye ukoo wake ni watani wetu. Si aliyekuwa anatawala wakati huo. Ni baba yake, aliyekwisha kufa. Wazee wetu walipokunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walisimulia jinsi Wajerumani walivyofika mara ya kwanza naye akajitosa ndani ya kihenge, lile ghala la nafaka la kusukwa. Niliutunga peke yangu ofisini nikicheka kwa sauti:

Mtwa wetu wa zamani
Kajificha kihengeni,
Ulezi tele puani,
Kapiga chafya, yu ndani!

Mwishoni watoto wote hupiga chafya kwa pamoja. Hakuna ubeti uliopendwa kama ule.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Nilitunga kama mtani, nikidhani ruhusa yangu ya utani inasafiri pamoja na karatasi. Haisafiri. Utani unatoka kinywani mwa mtani mwenyewe, amesimama mbele ya mwenzake wanaangaliana. Ukiupiga stensili na kuugawa shule zote, unaingia vinywani mwa watu ambao si watani wa yeyote, na huko ni matusi matupu. Baba mdogo hakujua kusoma, lakini angeniambia hivyo kwa neno moja kama ningemwuliza. Sikumwuliza kwa sababu nilikuwa mwalimu wa Daraja la Pili.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Makambako kuwa Mwalimu Mkuu. Makambako ya wakati huo ilikuwa njia panda tu, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu: maduka machache, pampu ya petroli, malori ya kwenda kusini, na upepo. Upepo wa Makambako mnaujua. Ulikuwa unafuta ubao kabla mwalimu hajageuka.

Walimu wenzangu walikuwa wawili. Mmoja sina haja ya kumtaja, alikuwa mlevi na alihama upesi. Wa pili alikuwa Mwalimu Raheli, Mkinga wa Bulongwa, binti wa mkulima wa Kilutheri, mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Alikuwa mwembamba, anavaa sweta la kijani alilolifuma mwenyewe, na alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Nasema hivyo bila kujidai unyenyekevu. Niliingia darasani kwake kumkagua nikatoka nimejifunza. Mtoto aliyekosa jibu hakuchapwa wala kuchekwa, alipewa swali jingine dogo, na jingine dogo zaidi, mpaka anafika mwenyewe.

Siku moja alikuja na nakala ya mashairi mkononi.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Hili la mtwa wa kihengeni nalo tulifundishe? Mimi mgeni huku, sijui mambo ya wenyewe."

Nikacheka. Nikafungua sanduku nikamtolea daftari langu, lile la mwanzo kabisa, nikamwonyesha ubeti ule kwa mwandiko wangu, na mistari niliyofuta, na tarehe. Nilikuwa na kiu ya mtu mmoja tu ajue kwamba ni yangu.

"Kumbe ni wewe!" akasema. Alinitazama kwa heshima mpya, na nikaipenda heshima ile.

"Fundisha tu, Mwalimu," nikamwambia. "Watu wa hapa wanajua utani."

Sasa nifike kwenye sherehe. Ilikuwa siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Malkia, na mwaka ule Bwana Shauri aliamua ifanyike kwetu. Ofisa Elimu alikuja siku tatu kabla kukagua uwanja. Alinivuta pembeni.

"Nimependekeza jina lako liwe Mkaguzi Msaidizi wa Shule," akasema. "Barua inatoka mwezi ujao. Hakikisha siku hii inapita salama."

Mkaguzi Msaidizi! Hakukuwa na Mbena hata mmoja aliyeshika cheo hicho. Nilirudi nyumbani sihisi ardhi.

Nilipanga ratiba kwa uangalifu. Beti mbili tu, za Wajerumani, kisha wimbo wa Malkia, kisha soda. Wageni walikaa mbele: Bwana Shauri na mkewe, Ofisa Elimu, mchungaji wa misheni, na mtwa akiwa amevaa kanzu na koti jeusi, na wazee wake nyuma. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, anayesikiliza kesi za watu siku nzima bila kuinua sauti. Watoto wa Mwalimu Raheli walisimama kwa mistari. Wakaimba la masharubu. Wakaimba la viatu, wakavutana miguu. Bwana Shauri akacheka, akapiga makofi, akapaza sauti, "Ingine! Ingine!"

Watoto hawajui ratiba. Wao wanajua baada ya viatu kinafuata kihenge. Mwalimu Raheli aliinua mkono kuwazuia, lakini walikwisha kushika ngoma, na wakapiga chafya zao zote kwa mkupuo.

Bwana Shauri alicheka kuliko mwanzo. Alijipiga goti. Alimgeukia mtwa huku bado anacheka, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Nadhani mtwa angeweza kuvumilia watoto. Kuvumilia Mzungu amcheke baba yake mbele ya watu wake, hapana.

Mtwa alisimama, na ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Nani amewafundisha hawa?"

Watoto walielekeza vidole wote kwa pamoja, wakifikiri wanasifiwa. "Mwalimu Raheli!"

"Mwalimu," mtwa akasema taratibu, "wewe ni mtani wetu?"

"Hapana, baba. Mimi ni wa Bulongwa."

"Basi nani kakupa ruhusa ya kumcheka baba yangu?"

Vijana, ilitakiwa sentensi moja. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Ilitakiwa niseme tu, "Ni mimi, mtwa, mtani wako, mwana wa fulani," na kwa mila mtwa yule angelazimika kucheka, apende asipende, na wazee wake wangenidai kuku, na watu wote wangepumua. Wazee wale walikuwa wananifahamu. Mmoja wao alinitazama machoni, akangoja.

Nilimtazama mchungaji, nikakumbuka saini yangu. Kusema mimi ni mtani mbele yake ilikuwa kukiri kwamba mila niliyoikana nimeifanya, tena kwa kutumia karatasi za shule. Nilimtazama Ofisa Elimu. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni, na alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Ile barua ya mwezi ujao nikaiona inapeperushwa na upepo. Nikatazama pembeni.

Mwalimu Raheli hakunigeukia. Daftari alikuwa ameliona kwa macho yake, mwandiko na tarehe. Alitazama viatu vyake akasema, "Nimekosa, baba."

Soda zilinywewa haraka. Bwana Shauri, kwa aibu ya kicheko chake, alikuwa mkali kuliko mtwa mwenyewe, akataka mtu aadhibiwe. Ofisa Elimu aliniita garini kwake.

"Baraza la mtwa litakaa Jumatatu," akasema. "Wakimaliza huko, utaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule kwamba ameondolewa."

"Bwana, mashairi yale mimi na wewe tu—"

"Mashairi yale hayana mwandishi. Tulielewana tangu Njombe, au sivyo?"

"Tulielewana, Bwana."

Kitabu cha kumbukumbu ni kile ambacho Mwalimu Mkuu huandika mambo yote ya shule: ugonjwa, mvua kuezua paa, wageni, uhamisho. Haruhusiwi kufuta wala kuchana. Jumanne asubuhi nilikaa nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule uliosifiwa chuoni: "Mwalimu Raheli ameondolewa kazini kwa kufundisha mashairi yasiyo na adabu." Wino ulipokauka alipita nje ya dirisha na kapu lake, amevaa sweta la kijani, kwenda kungoja lori. Watoto wake walimfuata mpaka barabarani. Mimi nilibaki nimeshika kalamu. Nilijichukia siku ile, na sijaacha.

Barua ilikuja kama nilivyoahidiwa. Nilikuwa Mkaguzi Msaidizi, nikapewa baiskeli mpya na kofia, nikazunguka Ludewa mpaka Mawengi, nikazunguka Makete, ila Bulongwa kila mwaka nilitafuta sababu ya kutuma mtu mwingine. Amri ilitoka nakala zote za mashairi zikusanywe zichomwe, na mimi ndiye niliyezikusanya. Sikutunga tena la kuchekesha. Nilitunga sifa. Waingereza walipoondoka niliombwa sifa za wakubwa wapya, nikachukua zilezile za Bwana Shauri nikabadilisha cheo, mizani ikatimia. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeimba beti hizo akichota maji.

Mnaponiita mwanzilishi, mnaponiomba nije niwaambie wanafunzi wenu jinsi ya kufundisha historia kwa kicheko, mjue mnamwomba mtu gani. Kumcheka mtawala aliyekufa hakuna ushujaa wowote. Watu wazima tuliwafundisha watoto kuwacheka waliokufa, kisha mwalimu wao alipoulizwa na aliye hai, sisi tukatazama pembeni. Hiyo ndiyo historia niliyoifundisha kweli, na nadhani wale watoto waliielewa bila kwata.

Nilipostaafu sikuwa na kisingizio tena. Mtwa alikwisha kufa, Ofisa Elimu alirudi kwao zamani. Nilipanda basi mpaka Makete, nikauliza, nikaelekezwa kwenye nyumba ya mabanzi iliyokuwa imezungukwa na viazi. Mwalimu Raheli alikuwa jikoni. Nilikuwa nimesikia kwamba alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini miaka yote ile, na mikono yake ilionyesha.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu," akasema. Alinitambua upesi. "Siku nyingi sijaitwa hivyo. Kaa karibu na moto, baba, huku baridi."

Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, na nilipoanza kuyasema akayakata kwa mkono, polepole, kama alivyowakata watoto waliokuwa wanakwenda kukosea.

"Kuna jambo hulijui," akasema. "Jumamosi baada ya sherehe mtwa alinitumia mtu. Akasema, mtwa amepoa. Amefikiri, ameona Mkinga hawezi kuijua habari ya kihenge cha baba yake. Hiyo anaijua mtani tu. Nimtaje jina, kama ni mtani alete kuku, tumle, tucheke, na mimi nirudi darasani."

Moto ulikuwa unanichoma goti na sikulisogeza.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia jina sitaji, mwenyewe atakuja. Mpeni mpaka Jumatatu." Alichochea kuni. "Jumatatu nikakaa barazani tangu asubuhi. Mtwa akasikiliza kesi zote za watu, yangu akaiweka mwisho kabisa, nadhani na yeye alikuwa anakungoja. Kila mlango ulipolia niligeuka. Nilifikiri labda umesafiri. Nikafikiri labda unaumwa. Ulikuwa umesafiri?"

Alikuwa ameniuliza kwa upole, bila hila, swali dogo la kumsaidia mtu afike mwenyewe kwenye jibu. Akanisogezea sahani ya viazi akaniambia nile visije vikapoa.

Sikuwa nimesafiri, wala sikuwa mgonjwa. Jumatatu ile nilikuwa nyumbani kwangu, mwendo wa robo saa kutoka barazani, nasahihisha madaftari ya darasa lake.